Fundi Seremala wa Juba

Kila mwaka tunapoadhimisha safari yetu tunataja majenerali na mikataba. Safari hii nimeiomba Kamati nafasi ndogo nimtaje marehemu baba yangu, fundi seremala.

Wazazi wake walivuka naye mpaka akiwa mtoto, baada ya mauaji ya Juba ya Julai 1965. Ufundi alijifunzia ukimbizini Uganda, akarudi nao baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Alitengeneza milango, vitanda na madawati, kwa mbao za msaji kutoka Loka, upande wa Yei.

Juni na Julai 1992 SPLA iliushambulia mji. Barabara zilifungwa, chakula kikaja kwa ndege. Mbao haziji kwa ndege. Majirani walipofiwa, baba alibomoa kitanda chake akapata majeneza, kisha milango ya ndani. Mama alikasirika (na haki yake, watoto sita tulikuwa tukilala chini). Baba akawa analala kizingitini, pale palipokuwa na mlango.

Mapigano yaliporudi Julai 2016 alitoka Juba na randa moja na patasi mbili. Madawati ya darasa langu hapa kambini ni kazi yake. La nyuma, karibu na dirisha, hakuwahi kulimaliza. Watoto wanalikalia hivyo hivyo.