Lumbini, Alikozaliwa Buddha: Hija na Wajibu wa Kuhifadhi

Katika tambarare za kusini mwa Nepal, kilomita chache kutoka mpaka wa India, ndipo ilipo Lumbini, mahali panapoheshimiwa kuwa ndipo alipozaliwa Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha. Pamoja na Bodh Gaya, Sarnath na Kushinagar, zote za India, Lumbini ni miongoni mwa sehemu nne kuu za hija ya Wabuddha.

Kwa mujibu wa mapokeo, Malkia Maya Devi alikuwa safarini kwenda kwa wazazi wake alipojifungulia bustanini, huku ameshika tawi la mti. Hekalu lenye jina lake limejengwa juu ya magofu ya matofali ili kuyakinga. Mahujaji huvua viatu, hawapigi picha ndani, na hupita taratibu hadi kwenye jiwe linaloonesha mahali pa kuzaliwa. Nje lipo bwawa ambamo malkia husemwa kuwa alioga.

Karibu na hekalu imesimama nguzo ya Mfalme Ashoka, ya karne ya 3 kabla ya Kristo. Maandishi yake, yaliyogunduliwa mwaka 1896, yanaeleza kwamba mfalme alifika mwenyewe kuabudu, akakipunguzia kijiji kodi kwa kuwa Buddha alizaliwa hapo.

Baadaye mahali hapo palisahauliwa kwa karne nyingi. Mwaka 1967, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, alipazuru na kuhimiza pafufuliwe. Msanifu majengo wa Kijapani, Kenzo Tange, alikamilisha mpango wake mwaka 1978, na leo nyumba za watawa kutoka mataifa mbalimbali zimepangwa pande mbili za mfereji. UNESCO iliiorodhesha Lumbini katika Urithi wa Dunia mwaka 1997.

Hata hivyo, unyevunyevu wa ardhini unadhoofisha matofali ya kale, na viwanda vya saruji vilivyo jirani vinachafua hewa. Mwaka 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia, ilipokutana New Delhi, ilijadili iwapo Lumbini iingizwe katika orodha ya urithi ulio hatarini, lakini haikuiingiza.

Jambo hilo ni zito, kwa sababu historia ya Lumbini ingali chini ya udongo. Mwaka 2013, wanaakiolojia walitangaza kuwa wamepata chini ya hekalu dalili za jengo la mbao, walilolikadiria kuwa la karne ya 6 kabla ya Kristo. Ujenzi usio na uangalifu, hata unaokusudiwa kuwahudumia mahujaji, unaweza kuharibu kile kile wanachokifuata.