Ukarabati wa makochi katika Bonde la Kilombero

Ukarabati wa makochi ni kazi ya kulivua kochi kitambaa na ujazo uliochoka, kukaza fremu, kisha kulijaza na kulivalisha upya badala ya kulitupa. Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako Ifakara ndio mji mkubwa, uendelevu wa kazi hii hutegemea kwanza fremu, kwa kuwa mbao ngumu hudumu muda mrefu kuliko kitambaa chochote. Kati ya miti ya mbao hizo, mninga na mkongo ni miti ya asili ya misitu ya miombo na hukua polepole. Mtiki asili yake ni Asia, na umepandwa nchini tangu utawala wa Wajerumani. Kilombero Valley Teak Company, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina mashamba yake bondeni humo. Mafuta yaliyomo katika kiini cha mtiki huzuia mchwa na kuoza, jambo la maana katika bonde linalofurika masika.

Ujazo wa kienyeji ni usufi, nyuzi za matunda ya msufi (*Ceiba pentandra*). Kila unyuzi una uwazi ndani na utando wa nta nje, hivyo ni mwepesi na haunyonyi maji upesi. Usufi ulioshindiliwa kwa kukaliwa hutolewa, huanikwa juani, huchambuliwa kwa mkono na kurudishwa ndani ya mto wa kochi. Sponji iliyomomonyoka, kinyume chake, haina dawa. Kasoro kubwa ya usufi ni kushika moto haraka. Chini ya mito ya kochi, vipande vya mipira ya ndani ya matairi makuukuu huvutwa na kupigiliwa misumari kwenye fremu badala ya springi.