Kaa-Kaka: Hoja ya Kulikataa Jina la Kaa Mtawa

Tangu elimu ya viumbe wa baharini ilipoanza kuandikwa kwa lugha yetu, imekuwapo ada ya kulitazama jina la Kiingereza la mnyama kabla ya kumtazama mnyama mwenyewe; na ada hiyo, ambayo imekwisha kutuletea majina mengi yasiyomwambia mtu wa pwani lolote, sasa imetuletea jingine, nalo ni "kaa mtawa", nililolikuta katika kijitabu cha mafunzo kinachokusudia kueleza jinsi ya kuwatambua na kuwapanga kwa jamii zao wale kaa adimu, wadogo mno, ambao mwili wao hupimwa kwa milimita chache na ambao huishi ndani ya makombe yaliyoachwa na wenyewe. Kijitabu ni chema na michoro yake imetengenezwa kwa uangalifu. Ila jina hilo, lililopachikwa katika kila ukurasa, linamfundisha msomaji uongo kuhusu mnyama ambaye ndiye maudhui ya kazi nzima.

Mtawa, kwa Kiswahili cha wazee wetu, ni mtu aliyetawa, na kutawa ni kukaa ndani na kujisitiri na macho ya watu, kama walivyokaa mabinti wa majumba makubwa ya Lamu, Mombasa na Unguja, au kama wakaavyo wachaji waliojitenga na dunia kwa ajili ya ibada. Sifa mbili hulibeba neno hili, nazo ni kutotoka na kuwa peke yake. Basi na tumtazame huyu anayeitwa mtawa. Hatulii ndani ya nyumba, bali huzunguka nayo mchana na usiku. Akikua huiacha na kutafuta iliyo kubwa zaidi. Na asipoipata iliyo tupu humwendea mwenziwe akamgongea, akamsumbua mpaka amtoe. Wala si mpweke. Katika mikoko ya pwani ya Kenya, kaa wa jenasi ya Clibanarius hukusanyika makundi kwa makundi juu ya mizizi maji yapwapo, wakakaa wameshikamana hadi maji yarejee. Na imeonekana kwa baadhi ya aina kwamba likitokea kombe kubwa tupu, hujipanga kwa kimo, mkubwa akaingia katika lile jipya, wa pili akaingia katika lililoachwa na wa kwanza, na kadhalika hadi mdogo wa mwisho apate makazi. Viumbe wanaorithiana nyumba kwa utaratibu wa namna hii hawana utawa wowote.

Asili ya kosa ni ndefu, na si yetu. Wafaransa walimwita kaa huyu kwa jina la Bernard mkaa-pekee. Linnaeus, alipoandika jedwali lake la wanyama la 1758, akalitia jina hilo la Bernard katika Kilatini, akamwita Cancer bernhardus, ambaye leo ni Pagurus bernhardus. Wajerumani na Waingereza wakashika njia ileile. Na Waarabu wa zama zetu nao humwita saratani nasiki, yaani kaa mcha Mungu aliyejitenga. Lakini hata huko Ulaya hawakuafikiana wote. Latreille, mwaka 1829, alipowapa jina la jenasi wale wa nchi kavu tuwaonao wakitambaa chini ya minazi yetu, aliwaita Coenobita, na maana yake ni watawa waishio pamoja katika nyumba moja, jina linaloukana upweke. Na zamani kabisa kabla ya hao wote, Aristotle, katika kitabu chake cha habari za wanyama, hakumpa utawa wala ibada. Alimwita kaa mdogo tu, akaeleza kwamba hakuungana na kombe lake kama konokono alivyoungana na lake, na kwamba akikua huhamia jingine. Mgiriki huyo, pasipo hadubini, alimwona mnyama vizuri kuliko wanajopo wetu wa istilahi waliokuwa na vitabu vyote mezani.

Wapo waliojaribu kurekebisha kosa hili kwa "kaa mpangaji". Jina hili limeshabikiwa sana na bwana mmoja ambaye ni fasaha wa ulimi na ambaye makala zake husomwa kwa heshima, nami pia humheshimu. Walakini upangaji ni akdi baina ya watu wawili, mwenye nyumba na mwenye kuingia, na hapa mwenye nyumba amekwisha kufa, wala hapana kodi itolewayo wala muda uwekwao. Neno likidai uhusiano usiokuwapo, limepotosha, hata likiwa tamu masikioni.

Ninalolipendekeza mimi, na ambalo nimelitetea kila nilipopewa nafasi na mara nyingine niliponyimwa, ni "kaa-kaka". Kaka, katika ngeli ya li- na ya-, ni ganda lililobaki tupu baada ya kilichokuwamo kutoka au kuliwa: kaka la yai, kaka la chungwa, makaka ya ndimu yaliyokwisha kukamuliwa. Lugha yetu ina utajiri mkubwa hapa, na ni dhuluma kuufanya kama haupo. Ganda ni jina la jumla, la mti, la tunda na la yai zima. Gamba ni la kiumbe aliye hai, la samaki, la nyoka, la kobe. Kombe ni la chaza na wenzake, liwe na mwenyewe au lisiwe naye. Fuu limejihusu zaidi na nazi na kichwa cha maiti. Kaka peke yake ndilo lililobeba ndani yake ile dhana ya utupu, ya kwamba palikuwa na mwenyewe na sasa hayupo. Na dhana hiyo ndiyo sifa kuu ya makazi ya kaa huyu, ambaye kwa kawaida hamtoi konokono aliye hai, bali hurithi kilichoachwa. Neno limekuwapo vinywani mwa mama zetu jikoni karne nyingi, likingoja tu mtu wa kulinyanyua.

Nimeletewa hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba kaka ni ndugu wa kiume, na kwamba mtoto wa shule atachanganyikiwa. Jawabu lake ni kwamba ngeli huondoa shaka yote: kaka yangu si kaka la yai, na hapana mtoto wa pwani aliyepata kuyachanganya. Hoja ya pili ililetwa na mtu aliyetaka kuniunga mkono, aliyesema kwamba mnyama kaa ameitwa hivyo kwa sababu hukaa, na kwa hivyo kaa-kaka ni "mkazi wa kaka". Nashukuru kwa nia yake, lakini sikubali uongo ulisaidie neno langu. Kiswahili kilidondosha sauti ya l iliyokuwa kati ya irabu mbili, na ndiyo maana sisi husema njaa ilhali Wanyanja husema njala, na husema makaa ilhali Wakikuyu husema makara. Kwa kanuni hiyohiyo kaa wa baharini ni ndugu ya inkala ya Wazulu, na kitenzi kukaa ni ndugu ya ikala ya Wakamba na ikara ya Wakikuyu. Ni mashina mawili mbalimbali yaliyokutana katika lugha yetu baada ya sauti hiyo kupotea. Kwamba sikio la Mswahili leo husikia ukazi ndani ya jina la mnyama ni faida iliyokuja yenyewe, nami naipokea, ila si ithibati.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Huulizwa: na wale wasioishi ndani ya makombe ya konokono? Wapo, na aghalabu ni hao wadogo ambao kijitabu kimewaandikia. Kaa wa jenasi ya Paguritta, waliopewa jina hilo na Melin mwaka 1939, huishi ndani ya matumbawe yaliyo hai, katika mirija iliyoachwa na minyoo ya baharini. Hawatoki kutafuta chakula, bali hunyoosha vipapasio vyao vyenye nywele kama manyoya wakachuja kilicho majini. Hapa jina lililofungamana na konokono lingeanguka, na "kaa mhamaji" la wengine lingeanguka pia. Lakini mrija ulioachwa na mnyoo ni kaka, na kaa aliyemo ni kaa-kaka kwa haki yote. Ama yule kaa mkubwa wa nazi, aliyehifadhiwa katika kisiwa cha Chumbe, yeye hubeba kaka utotoni kisha huliacha akakomaza mgongo wake. Na jina lake la kaa wa nazi linamtosha.

Madhara ya tafsiri ya neno kwa neno hayakukoma katika jina la jumla. Zaidi ya aina elfu moja za kaa hawa zimekwisha kuandikwa duniani, na njia ya kwanza ya kuzigawa ni kutazama gando lipi ni kubwa. Kijitabu kikaandika juu ya "kaa watawa wenye mkono wa kushoto", maneno yasiyobagua chochote, kwa maana kila kaa anao mkono wa kushoto. Kiswahili kina neno mashoto. Jamii ya Diogenidae iitwe kaa-kaka mashoto, na jamii ya Paguridae iitwe kaa-kaka wa kuume. Na mwanafunzi aongezewe kwamba Clibanarius magando yake huwa karibu sawa, na kwamba Petrochirus, ingawa ni wa mashoto kwa ukoo, gando lake kubwa ni la kuume, kwa hivyo hukumu ya mwisho ni ya jozi ya tatu ya miguu ya kinywani, ambayo mashina yake kwa mashoto yamekaribiana na kwa wa kuume yametengana. Kadhalika kile kipande kigumu cha mbele cha mgongo, ambacho ndicho kipimwacho kwa sababu nyuma yake ni laini na hukunjamana, kiitwe ngao. Kijitabu kimekiita "kinga", jina la tendo lililopewa kitu.

Ngao ni neno lenye kazi kubwa kwa hawa wadogo. Mwaka 2017 Rafael Lemaitre, mtaalamu wa Smithsonian, alieleza aina mpya ya jenasi ya Pylopaguropsis kutoka kisiwa cha Bonaire katika bahari ya Karibi, iliyogunduliwa kwanza na mpiga picha wa chini ya maji: kaa wa kuume, mwenye milia myekundu juu ya weupe, ngao yake ya milimita chache tu, na gando lake kubwa limebonyea upande wa chini kama upawa. Milia hiyo hufifia ndani ya alkoholi, ndiyo maana picha ya aliye hai ina thamani sawa na kielelezo cha chupani. Kisha hubaki vya kutazamwa kwa hadubini: umbo la magando, nywele za miguu na kipande cha mwisho cha mkia. Pwani yetu nayo haikukosa watu wa kazi hii: kaa waliokusanywa katika safari za Baron von der Decken, aliyeuawa Bardera mwaka 1865, walielezwa na Hilgendorf mwaka 1869, na miongoni mwao wamo wa Unguja.

Haya yote niliyaandika kwa ukamilifu, nikayapeleka kwa jopo hilo la istilahi, nami sikupata jawabu. Baadaye nililisikia pendekezo langu likitajwa barazani kuwa "la kienyeji mno", na aliyelitaja hakuwa amelisoma. Uenyeji wa neno katika lugha yake ni sifa, na kama jopo lina hoja nyingine dhidi ya kaka, na iandikwe ili ijibiwe.

Kwa matumizi: kaa-kaka huyu, kaa-kaka hawa, kaka lake, makaka yao, kaa-kaka mashoto, kaa-kaka wa kuume, urefu wa ngao kwa milimita, kutoka ncha iliyo kati ya macho hadi katikati ya ukingo wa nyuma.