Kalenda ya Mfumuko wa Bei: Mkulima wa Bokoli Baada ya Korona

Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2017. Takwimu hiyo ni sahihi, lakini haielezi kilichompata mkulima mdogo wa wadi ya Bokoli, eneo bunge la Webuye Magharibi, kaunti ya Bungoma. Makala haya yanashikilia kwamba kilichomwangusha si wastani wa bei bali ni madeni mengi kuiva kwa wakati mmoja. Maandalizi ya kukabili mfumuko yasiyoanzia kwenye kalenda yake hayatamfaa.

Tuutazame mwaka 2022 wenyewe. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ni Januari 2021 tu ambapo wanafunzi wote walikuwa wamerejea. Ili kufidia muda uliopotea, Wizara ya Elimu ilifupisha mihula na likizo, hivyo mwaka 2022 ukabeba mihula minne badala ya mitatu. Mzazi aliyezoea kudaiwa karo mara tatu akadaiwa mara nne. Mwaka mpya wa masomo ulianza mwishoni mwa Aprili, majuma machache tu baada ya familia za Bungoma na Trans Nzoia kumaliza akiba yao kwa kulima, kununua mbegu na kutafuta mbolea. Mbolea nayo ilikuwa haishikiki: gunia la DAP la kilo 50 liliuzwa kwa takriban shilingi 6,500.

Wengi huvilaumu vita vya Ukraine, vilivyoanza Februari mwaka huo. Ni kweli vilizidisha, lakini havikuanzisha. China ilikuwa imebana uuzaji wa fosfeti nje ya nchi tangu Oktoba 2021, na bei ya gesi asilia, ambayo ndiyo malighafi ya mbolea za nitrojeni, ilikuwa imekwisha kupaa Ulaya. Dalili zilionekana wakati mahindi ya 2021 yakivunwa, mkulima akiwa bado na kitu cha kuuza. Hakuna aliyemwambia.

Matokeo yalionekana kwenye maduka ya pembejeo. Asiyemudu gunia alipimiwa kwa kilo, na kilo moja moja huwa ghali kuliko gunia zima. Akirudi shambani, mbolea iliyopaswa kutosha ekari moja aliinyunyiza kwenye ekari mbili. Hasara ya namna hiyo haionekani Aprili. Huja Oktoba, mahindi yakivunwa, na kwa kuwa haihesabiwi popote kama mfumuko wa bei, hakuna sera inayoilenga.

Serikali haikukaa bure, lakini karibu kila hatua ilikuja nje ya majira. Ruzuku iliyoshusha DAP hadi shilingi 2,800 ilitangazwa Aprili 2022, wakati mvua ya masika ilikuwa imekwisha kunyesha na wengi walikuwa wamepanda. Julai, kuelekea uchaguzi wa Agosti, pakiti ya unga ya kilo 2 ilipunguzwa hadi shilingi 100. Ulikuwa msaada mkubwa kwa mpangaji wa mjini. Bokoli watu husaga mahindi yao kinuni, na Julai ndio mwezi ambao ghala huwa tupu. Anayenunua hununua mahindi kwa gorogoro (kopo la kupimia nafaka), ambayo ruzuku ile haikuigusa.

Benki Kuu nayo ilianza kupandisha riba yake Mei 2022, kutoka asilimia 7 hadi 7.5 kwa mwaka. Mwezi huohuo, aliyekopa kupitia M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, alitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Nambari ni ileile, maisha ni tofauti kabisa. Mahindi huchukua miezi sita au zaidi shambani. Mkopo wa mwezi mmoja kwa mazao ya namna hiyo ni mtego, hata ukipatikana kwa kubonyeza simu mara tatu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni wa nyumbani: familia itenge chakula chake cha mwaka kabla ya kuuza gunia hata moja. Anayeuza yote Novemba ili alipe karo Januari, kisha akanunua gorogoro Juni, huuza kwa bei ya chini kabisa na kununua kwa bei ya juu kabisa. Kuna watakaopinga kwamba kuhifadhi ni kamari, na wana hoja. Mavuno ya 2023 yalikuwa mazuri, bei ikashuka, na serikali ikalazimika kutangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Lakini pingamizi hilo linamhusu anayeweka mahindi akingoja faida. Anayeweka ya kula hapotezi kitu bei ikishuka, mradi ayakaushe hadi unyevu wa asilimia 13.5 na kuyatia kwenye magunia yasiyopitisha hewa, ili fukusi na sumukuvu visimtangulie.

Hata hivyo, ni dhuluma kumwachia mkulima mzigo wote. Karo ndiyo inayomlazimisha kuuza mapema. Baadhi ya shule za magharibi mwa Kenya hupokea mahindi na maharagwe badala ya pesa. Utaratibu huo unastahili kuwekewa kanuni na bei ya haki, badala ya kutegemea huruma ya mwalimu mkuu. Serikali ya kitaifa na kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zihakikishe mbolea ya ruzuku iko kwenye maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, Kitale, Bungoma na Webuye, kufikia Desemba. Wakati huo ndipo mkulima huwa na pesa mkononi, na kabla ya msimu wa kupanda hubaki miezi mitatu.