Vidole, Mistari na Nukta: Wachoraji wa Hangari ya Élisabethville

Mutu akionyeshwa picha isiyo na uso wala nyumba, ila rangi na mistari tu, mara nyingi anasema: «Hayo ni mambo ya Wazungu.» Katika kurasa hizi tunalikataa neno hilo, na tunalikataa kwa ushahidi wa historia ya kwetu.

Tuanzie mbali kidogo. Bankambo wetu walijua kupamba nyumba kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na makaa. Mufinyanzi wa vyungu, fundi wa mikeka, wafumaji wa rafia kwa Wakuba, wote walijua kujaza mahali patupu kwa pembe na mistari. Hakuna aliyewauliza: «Hii ni picha ya nini?» Uzuri ulikuwa katika mpango wenyewe.

Mwaka 1926, pale Bukama, mutumishi mumoja wa serikali ya Wabelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zilizopakwa picha na Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Akamupa karatasi na rangi za maji. Mke wake, Antoinette, naye akachora. Huko Ibanshe, Kasai, Thiry alimukuta mushonaji wa nguo, Tshyela Ntendu, ambaye anajulikana zaidi kwa jina la Djilatendo. Huyu njo tunaweza kumwita babu wa uchoraji usio na sura: zingine za karatasi zake ni pembe, mistari na rangi, basi. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles. Lakini katika miaka ya 1930 uhusiano na wanunuzi wa Ulaya ukakatika, na wachoraji hao wakasahauliwa. Ukuta uliopakwa huoshwa na mvua, lakini hubaki kijijini mpaka siku hiyo. Karatasi hudumu, lakini huenda mbali.

Mwaka 1946, katika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana iliyoitwa «Le Hangar». Hakuwafundisha watu wake kunakili picha za Ulaya, wala sheria za kuonyesha umbali. Kila mumoja aliachwa atafute mukono wake. Kwa hiyo watu watatu wa hangari moja wakatoa njia tatu.

Bela Sara, mutu wa asili ya upande wa Chad, aliacha burashi kabisa. Alichovya vidole katika rangi na kuvigonga kwenye karatasi, alama juu ya alama, mpaka wanyama na watu wanatoka ndani ya zile nukta kama vile wanatoka katika majani.

Pili Pili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa mtoto wa mvuvi. Samaki, ndege, nyoka na mamba ni vyake. Lakini ndugu musomaji, usiangalie ndege tu, angalia nyuma ya ndege. Hapo hakuna mbingu wala upeo wa macho. Kuna vialama vidogo vidogo vilivyopangwa kwa subira, safu baada ya safu. Ukimutoa ndege, picha bado inasimama.

Mwenze Kibwanga, wa mwaka 1925, alitumia mistari mifupi inayokwenda sambamba, kwa rangi za udongo, kahawia na nyeusi. Hakuzungushia mutu wino. Aligeuza upande wa mistari, na pale inapogeuka njo bega linaanza, njo mugongo wa munyama unaishia. Ni akili ya mukeka: ukindu ni ule ule, ila kugeuka kwake ndiko kunatoa ua.

Sasa swali gumu: kazi hizi ni zetu, ao ni za yule Muzungu? Tuseme kweli. Karatasi ilikuwa yake, na njia ya kuuza ilikuwa mukononi mwake. Tena alikuwa mutu wa ukoloni, aliyewatazama watu wazima kama watoto wa nyumba yake. Lakini Pili Pili alipoingia hangari alikuwa tayari mutu muzima. Macho yake yalikuwa yamekwisha kujua maji na samaki. Na kama mwalimu mumoja ndiye aliyetoa kila kitu, kwa nini vidole vya Bela havifanani na mistari ya Mwenze?

Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954. Hangari ikaunganishwa na Akademia ya Sanaa ambayo Laurent Moonens alikuwa ameanzisha mwaka 1951, na mukono haukufa. Mwenze aliaga dunia mwaka 1999, Pili Pili mwaka 2007. Mwaka 2015, Paris, katika onyesho «Beauté Congo», kazi zao pamoja na za Lubaki na Djilatendo zilitundikwa mbele ya watu mingi.

Tunafurahi, lakini tunaumia pia. Kijana wa Kenya ao wa Katuba atamuona wapi Bela? Kazi mingi ziko Ulaya, na karatasi iliyobaki huku inaogopa unyevu na mchwa. Tunaomba kila jamaa lenye picha ya zamani nyumbani lisiiuze haraka, liandike nyuma yake jina la muchoraji na namna ilivyopatikana. Na walimu wawaambie wanafunzi kwamba mustari na nukta havikuletwa kwa meli.