Viza ya T: hadhi ya aliyetumikishwa

Mwishoni mwa Oktoba 2000, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoanzisha viza mbili mpya za Marekani, T na U. Herufi hizo si vifupisho. Ni zamu yake tu katika orodha ya makundi ya viza inayoanza na A ya wanadiplomasia. Viza ya U ni ya watu waliotendewa makosa mazito ya jinai, kama kupigwa na mwenza au kubakwa. Viza ya T, ninayotaka kuieleza hapa, ni ya waathiriwa wa kile ambacho Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inakiita usafirishaji haramu wa binadamu, na ambacho magazeti ya Kenya hukiita ulanguzi wa binadamu.

Istilahi zote mbili zina kasoro inayoumiza watu. Ulanguzi unabeba faida ya mkosaji, na hilo ni zuri, ila Mtanzania aliyeishi miaka ya themanini akisikia mlanguzi anamwona mtu aliyeficha sukari na sabuni ili auze kwa bei ya kuruka. Usafirishaji nao unabeba safari. Lakini safari si kiini cha kosa hili. Sheria ya Marekani inatazama mambo mawili: mtu amepatikana au amewekwa kwa njia gani, na kwa ajili ya nini. Njia ni nguvu, hila au shuruti. Lengo ni kumfanyisha kazi ya kitumwa au biashara ya ngono. Katika biashara ya ngono, mwathiriwa akiwa chini ya miaka 18 hakuna haja hata ya kuthibitisha njia. Mtu anaweza kufanyiwa haya yote asivuke hata barabara. Kwa upande mwingine, aliyemlipa dereva amvushe mpaka usiku bila karatasi, kisha akaachwa aende zake, amevushwa kwa magendo. Umoja wa Mataifa uliyatenga makosa haya mawili katika itifaki mbili tofauti, zote za Novemba 2000.

Sasa mchukue dada wa kazi kutoka Dodoma, amekaa mbele ya wakili huko Maryland. Mkalimani anamuuliza kama kamusi inavyosema: “Je, ulisafirishwa kiharamu?” Atajibu, “Hapana, nilikuja na viza, nikapanda ndege, tiketi alinikatia bosi.” Kila neno ni kweli, na kila neno linamtoa kwenye haki yake. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho mjini Washington ilimpa mfanyakazi wa ndani Mtanzania fidia ya zaidi ya dola milioni moja dhidi ya afisa wa ubalozi na mkewe, waliomfanyisha kazi Bethesda kwa takriban miaka minne bila mshahara. Alikuwa ameingia nchini kihalali. Alieleza mahakamani kwamba pasipoti ilichukuliwa, na kwamba alilazimishwa kuzoa theluji nje akiwa na vidole vya miguu vinavyouma hata hawezi kuvaa kiatu. Ukimuuliza mtu kama huyo habari za usafiri, hutaipata hadithi yake.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kwenye hati tuache usafirishaji haramu wa binadamu, kwa kuwa ndilo jina la kisheria. Kwenye mazungumzo tutumie kutumikishwa. Neno hili halihitaji kufundishwa, maana kila anayefuatilia habari za utumikishwaji wa watoto analijua. Tuulize: Nani alikaa na pasipoti yako? Mshahara uliingia mkononi mwa nani? Ulipotaka kuondoka, uliambiwa nini?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloifichua shuruti, na shuruti ndiyo yenye sura nyingi. Sheria haitaki minyororo wala michubuko. Bosi anayesema “ukitoka tu, nawapigia watu wa uhamiaji” ameshashurutisha. Anayetishia kwamba mama yako kijijini ataona cha moto, vivyo hivyo. Yumo pia anayekudai nauli na ada za wakala, deni ambalo halipungui hata ufanye kazi kiasi gani. Deni la namna hiyo Kiswahili kinalijua vizuri. Katika njaa za karne ya 19 pwani ya Kenya watoto waliwekwa rehani ili familia zipate nafaka, na wengine hawakukombolewa kamwe. Rehani ya mtu ndiyo tafsiri yangu ya utumwa wa deni, na naamini mzee yeyote wa pwani ataielewa mara moja.

Neno viza nalo linapotosha. Kwetu viza ni muhuri unaoombwa ubalozini kabla ya safari. Hii ya T kwa mwathiriwa mwenyewe haiombwi ubalozini. Kwa kawaida ni lazima awe tayari ndani ya Marekani, na awe huko kwa sababu ya kutumikishwa kwenyewe. Ndiyo maana jina lake kamili ni hadhi, si viza. Msichana wa Kenya anayeteswa Riyadh, pamoja na uchungu wote wa hali yake, sheria hii haimfikii. Na wakala anayemuuzia mtu “viza ya wahanga” Nairobi au Dar es Salaam anamwibia.

Mwombaji anatakiwa pia awe ameitikia maombi ya haki ya vyombo vya dola vinavyochunguza kosa. Mwenye umri chini ya miaka 18, au aliyeumizwa kiasi cha kushindwa kusimulia, anasamehewa. Kisha aonyeshe kwamba akirudishwa kwao atapata madhila makubwa yasiyo ya kawaida. Barua ya polisi inasaidia lakini si sharti, tofauti na viza ya U, ambayo bila uthibitisho wa chombo cha dola haiendi popote. Hadhi ya T hudumu miaka minne na ina kibali cha kazi. Baada ya miaka mitatu mtu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Nafasi ni 5,000 kwa mwaka, na kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo hazikuwahi kujaa, wakati zile 10,000 za U zina foleni ya miaka. Siamini kwamba waathiriwa walikuwa wachache. Naamini wengi hawakujua kwamba jina hilo linawahusu wao.

Nimeandika mwathiriwa, kama Wakenya, badala ya mwathirika. Mwathirika anaweza kuwa wa mafuriko. Mwathiriwa ameathiriwa na mtu, na mtu huyo anaweza kushtakiwa.

Uangalifu wa mwisho ni kwenye jamaa. Mwathiriwa aliyetimiza miaka 21 anaweza kuombea mwenzi na watoto. Aliye chini ya umri huo anaweza kuwaongeza wazazi, na ndugu wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 18. Jamaa wakiwa hatarini kulipiziwa kisasi, wazazi na ndugu hao huombewa hata na mtu mzima. Lakini “mdogo wangu” wa Kiswahili anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo, na “mwanangu” anaweza kuwa mtoto wa marehemu dada. Kwa fomu ya Marekani, ndugu ni yule mliyechangia naye angalau mzazi mmoja, na mtoto wa dada si mtoto wako mpaka umemwasili kisheria. Mkalimani aulize kabla ya kuandika: mmezaliwa na mama yupi, baba yupi?