Bandari iko Mombasa, Riruta kuna tundu

JUMA lililopita nilikaribia kumwangusha mwanafunzi kwa sababu ya waya. Alikuwa akitetea tasnifu yake ya uzamili. Mtahini wa nje alikuwa mbali, akimsikiliza kupitia mtandao, nasi tuliokuwa chumbani tulitarajia kuona majedwali yake kwenye skrini kubwa. Jukumu la kuleta waya wa kuunganisha kipakatalishi na skrini lilikuwa langu. Nilikuwa nimeununua jana yake kando ya Naivasha Road, hapa kwetu Riruta.

Waya uliingia pande zote mbili bila shida. Kipakatalishi kikaanza kupata chaji. Skrini ikabaki nyeusi. Tulichomoa, tukachomeka, tukageuza, tukazima na kuwasha. Nusu saa ikayoyoma, na mtahini alikuwa ametupa saa moja tu. Mwishowe binti wa watu akaanza kusoma takwimu zake kwa mdomo, sauti ikimtetemeka. Alipita, lakini si kwa alama alizostahili.

Jioni nilimwendea kijana aliyeniuzia. Akanitazama kwa huruma.

"Mzee, uliitisha waya ya Taipu C, nikakupea ya Taipu C. Hukusema ni ya picha. Hii ni ya kuchaji."

Alikuwa na haki. Aliyekosa ni mimi, mwalimu wa lugha, niliyekwenda sokoni nikiwa na nusu ya jina.

Tatizo hili la kuita waya lina historia ndefu kuliko kompyuta. Kebo ya kwanza ya telegrafu ilifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ikapita chini ya bahari kuelekea kusini mwa Afrika. Wenyeji waliiita simu, neno lenye asili ya Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Yaani chombo na ujumbe wake vilipewa jina la kitu kilichoonekana kwa macho. Ilipokuja teknolojia ya kupeleka ujumbe bila waya, watu wakasema simu ya upepo, na hakuna aliyelalamika kwamba huo ni waya usio na waya. Leo kila mmoja wetu anatembea na "waya" mfukoni na hata hajui.

Kompyuta ilipoingia, kazi ya kuunda majina ilihamia kwa wasomi. Tukapata tarakilishi, iliyotiwa nguvu na vitabu vya shule hapa Kenya, huku Tanzania na mitaani kompyuta ikishinda. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa makofi. Lakini juhudi za aina hiyo zilishughulikia zaidi yale yanayoonekana kwenye skrini: faili, hifadhi, futa, chapisha. Nyuma ya mashine, kule kwenye vumbi na nyaya, hakukuwa na mfasiri.

Na nyuma ya mashine za miaka ya tisini kulikuwa na mambo! Kulikuwa na tundu pana la printa lenye matobo 25. Kulikuwa na lile la skrini, VGA, lililoletwa na IBM mwaka 1987, lenye matobo 15 katika safu tatu. Kulikuwa na mawili ya duara, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa kipanya. Kulikuwa pia na la mtandao, ambalo kichwa cha waya wake kina kilimi cha plastiki kinacholia "tak" kinaponasa. Karibu kila tundu lilikuwa na umbo lake, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Hukuhitaji jina, jicho lilitosha. Ukikosea, mara nyingi kichwa kinakataa kuingia.

Sasa tazama tulivyofasiri. Katika kazi za wanafunzi, na zaidi katika tafsiri za mashine, nakutana na "bandari ya USB". Ukisoma hivyo unadhani meli zitatia nanga kwenye kipakatalishi. Kosa limetokana na Kiingereza, ambacho kina maneno mawili yaliyofanana kama pacha. Moja linatokana na Kilatini portus, yaani bandari. Jingine linatokana na porta, yaani lango, na ndilo lililotumika kwa matobo ya ubavuni mwa merikebu, kisha ya injini za mvuke, hadi likafika kwenye kompyuta. Mfasiri alishika pacha asiye wake. Tukitaka bandari ya kweli tunayo Mombasa, ambako mwaka 2009 zilitua kebo za SEACOM na TEAMS, tukapunguza utegemezi wa setilaiti. Riruta hakuna bandari. Riruta kuna tundu.

Na mafundi wanalijua hilo. Hawakusubiri kamati. Waya una kichwa, kichwa kina pini, pini huingia kwenye tundu. Simu za Nokia zilipotawala, waliuza chaja ya pini kubwa na chaja ya pini ndogo, na kila mtu alielewa. Ni mbinu ileile ya simu ya mwaka 1879: taja unachokiona.

Lakini mbinu hiyo sasa imefika ukingoni, na hapo ndipo mimi nilipotumbukia. USB ilipozinduliwa mwaka 1996, nia ilikuwa kuyaunganisha matundu yale yote yawe moja. Safari ilichukua muda. Mwaka 2014 ikaja Taipu C, kichwa kidogo cha pini 24 kisicho na juu wala chini. Umoja wa Ulaya ukatunga sheria mwaka 2022, na tangu 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko na kuchajiwa kwa waya lazima ziwe na tundu hilo. Umbo limekuwa moja, ila kazi zimebaki nyingi. Kupitia tundu hilohilo hupita umeme, data na picha, na si kila waya una nyuzi zote ndani yake. Zamani kichwa kisichofaa mara nyingi kilikataa kuingia. Siku hizi kinaingia, kinanyamaza.

Kwa hiyo jina la umbo peke yake halitoshi tena. Je, tuunde istilahi mpya? Sioni haja. Kiswahili kina a-unganifu, kile kiungo kidogo tunachowafundisha watoto na kukisahau: waya wa kuchaji, waya wa data, waya wa picha, tundu la umeme, tundu la mtandao. Umbo kwanza, kazi baadaye: waya wa Taipu C wa picha. Kijana wa kibandani alisema "waya ya" badala ya "waya wa", na kwa sarufi ya darasani ningemkata alama. Ila maana aliibeba nzima, mimi mwenye upatanisho sanifu nikaibeba nusu.

Ombi langu kwa wanaotunga kamusi na vitabu vya kompyuta vya shule zetu ni dogo. Kabla ya kuandika "bandari", wapitie kibandani kwa fundi wamuulize anauza nini. Mtoto anayefundishwa jina ambalo hakuna muuzaji analijua atafaulu mtihani, kisha atasimama dukani akinyoosha kidole.

Mwanafunzi wangu nimemwomba radhi. Waya mwingine nimeununua, na safari hii nilitaja jina lote.